Tarehe Aliyoikisia Koma

Mzee Koma alifanya kazi ya kusahihisha kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Kila kilichochapwa pale, kuanzia vitabu vya shule hadi kadi za harusi na matangazo ya misiba, kilipita kwanza chini ya kalamu yake nyekundu. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wenzake, kwa kuwa alikuwa tayari kuzimisha mashine nzima kwa ajili ya koma moja iliyokaa vibaya. Kulikuwa na utani wa pili ndani yake: akitokea mlangoni na karatasi mkononi, waliokuwa wakipiga soga walikoma.

Mimi ni fundi cherehani, na kwenye maktaba yetu nashona vitabu vilivyochanika. Hapo ndipo tulipojuana, baada ya yeye kustaafu. Maktaba yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya soko. Zamani palikuwa duka la matairi, na jua likiwa kali harufu ya mpira bado inatoka ukutani. Hakuna anayelipwa. Funguo anashika mkunga mstaafu, mama asiye na mchezo, ambaye nusu ya watoto wanaokuja kusoma aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Jumamosi watoto wanasomewa hadithi. Jumanne na Alhamisi alasiri kuna darasa la watu wazima. Jumatano kuna meza ya barua, ambapo asiyejua kusoma anasomewa karatasi yake na kujaziwa fomu. Wagonjwa wasiotoka nyumbani tunawapelekea vitabu kwa mkoba.

Koma alichukua darasa, hadithi na meza ya barua, vyote vitatu. Alikuwa mkali lakini alijua kufundisha. Fundi viatu wa pale kona alifika akiwa hajui hata herufi za jina lake, na baada ya mwaka alikuwa akisoma gazeti la juzi alilofungia viatu vya wateja. Koma alijisifu kwa hilo hadi tukachoka.

Ila mkewe hakujua kusoma, na hilo hakuna aliyelizungumza.

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye nyumba ya wageni, mtu wa maneno machache, mikono imechujuka kwa dawa za kufulia. Alikuja maktaba mara moja moja kumletea mumewe chakula, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, akaondoka na vyombo. Darasa lilikuwa hatua tano kutoka kwenye benchi lile. Siku moja nilimuuliza Koma kwa nini mama naye asijiunge. Akasema, "Yule? Hayo mambo hayapendi." Nikamwamini, kwa sababu alilisema kirahisi.

Ilitokea siku ya Jumanne. Nilikuwa pembeni na sindano yangu, nashona jalada. Koma aliandika ubaoni sentensi fupi, "Mama ameweka maji mezani," kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka kama wa mashine. Akageukia darasa, akasema jambo, akaurudia ubao. Akabaki na chaki mkononi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Fundi viatu akamwambia, "Mwalimu, tusome?"

"Someni ninyi," akajibu.

Wakasoma kwa pamoja. Yeye alikuwa anawasikiliza na huku anaangalia ubao, neno kwa neno, kama anayesikia habari ngeni. Kisha akatoka nje kunawa uso. Aliporudi alisema ni jua, akawaruhusu mapema.

Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba alikwenda hospitali peke yake siku ya tatu. Daktari alimweleza kuwa amepata kiharusi kidogo nyuma ya kichwa. Mkono haukuguswa, ulimi haukuguswa, hata kuandika hakukuguswa. Kilichokatika ni njia moja tu, ile inayotoka kwenye macho kwenda mahali maneno yanapokaa. Angeweza kuandika barua nzima, lakini asingeweza kuisoma. Alikuja kuniambia, "Herufi naziona, fundi. Nyeusi, safi, hazina ukungu. Ila haziniambii kitu."

Hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni. Darasani aliandika ubaoni na kuwaachia wanafunzi kusoma, na wao wakadhani wamepandishwa daraja. Jumamosi alishika kitabu cha hadithi alichokwisha kukikariri, akafunua kurasa kwa kubahatisha. Binti mmoja mdogo akamwambia, "Babu, huyo paka bado hajatokea kwenye picha." Akajibu, "Anakuja." Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Nalikumbuka cheko langu kuliko ninavyopenda.

Meza ya barua angeweza kuiacha. Angesema macho yamechoka, na mkunga angeipokea bila maswali. Hakuiacha. Wiki tano alikaa pale akiangalia mhuri, akiangalia sura ya anayemletea, akiuliza maswali mawili matatu ya ujanja, kisha akisema kile ambacho karatasi kama ile husema. Alikuwa amesoma karatasi maisha yake yote. Mara nyingi alipatia.

Jumatano ya wiki ya sita alikuja Bibi Ndoo. Tulimwita hivyo kwa sababu aliuza ndoo na mabeseni ya mitumba karibu na stendi. Alikuwa analea mjukuu wake wa kike, miaka mitano, tangu binti yake alipofariki. Baba wa mtoto alikuwa ameshapotea muda mrefu, halafu akaibuka na kwenda mahakamani kumdai. Barua zote za kesi ile Koma ndiye aliyemsomea Bibi Ndoo, tangu ya kwanza. Bibi akamwekea nyingine mezani.

"Mwalimu, niangalizie hii. Wameileta leo asubuhi."

Koma akaivuta karibu. Aliutambua mhuri wa mahakama. Kwenye mstari wa tarehe aliona kitu chenye umbo la tisa. Alijua mahakama ile kwa kawaida husikiliza kesi za watoto Jumatatu, na kwamba hutoa nafasi ya wiki mbili hivi. Akahesabu kichwani, akaona tarehe kumi na tisa ni Jumatatu.

"Wanakuita tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi," akamwambia. "Uende na cheti cha mtoto cha kuzaliwa."

"Kumi na tisa," bibi akarudia. "Basi nina muda. Ahsante, mwalimu wangu."

Nilikuwepo. Sikuinua hata kichwa.

Tarehe kumi na nne, mchana, baba wa mtoto alifika kwa Bibi Ndoo na askari na karatasi ya mahakama. Bibi hakuogopa. Aliwaambia wamekosea siku, kesi bado, akaingia ndani na kutoka na barua yake ili awaonyeshe. Askari akaisoma kwa sauti. Ilikuwa tarehe tisa, Ijumaa. Kesi ilikwisha kusikilizwa, upande wake hakutokea mtu, na mtoto akakabidhiwa baba. Majirani walisema bibi alimwomba askari aisome tena, na askari akaisoma tena. Kisha bibi akaanza kukusanya nguo za mtoto. Hakuwa na begi, akazipanga kwenye ndoo ndogo ya bluu yenye mfuniko, akamkabidhi mtoto aishike mwenyewe.

Kesho yake alikuja maktaba. Alimpita Koma, akampa mkunga ile barua. "Nisomee tarehe tu."

Mkunga akavaa miwani. "Tisa."

"Hakuna kumi mbele yake?"

"Hakuna, bibi. Ni tisa."

Sote tukamgeukia Koma. Nilitegemea atasema ni bahati mbaya, kwamba mtu yeyote hukosea. Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Sikuisoma," akasema. "Sijui kusoma. Tangu mwezi uliopita sijui kusoma." Akaeleza yote, ubao, daktari, hadithi za Jumamosi, kwa sentensi fupi, kama anayesoma orodha ya makosa ya mtu mwingine.

Bibi Ndoo alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa nini hukusema tu?" akauliza. Hakupandisha sauti. Alikuwa anataka kujua kweli. "Ningempa mtu mwingine. Hapa kuna watu wangapi wanaojua kusoma?"

Bibi akangoja kidogo, akaikunja barua yake, akaondoka.

Siku hiyo hiyo Koma aliandika barua kwa mahakama kueleza kosa lake. Aliiandika kwa mkono wake, kurasa mbili, kisha akampa mkunga aipitie, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuipitia. Mkunga alikuta neno moja limeandikwa mara mbili na koma mbili hazipo. Hakumwambia. Alizitia yeye kwa kalamu yake.

Mahakama iliipokea, karani akasema kesi inaweza kufunguliwa upya, na ilifunguliwa baada ya miezi minane. Wito ukapelekwa kwa baba wa mtoto. Alikwishahama. Mwenye nyumba hakujua alikoelekea, simu haikuita. Jalada likawekwa kando hadi apatikane, na hadi leo hajapatikana.

Yaliyofuata nyumbani kwake Koma alinisimulia mwenyewe, siku nilipokwenda kumpelekea shati. Jioni ile ya maungamo alimwambia mkewe habari nzima. Mkewe alikuwa anakunja nguo na hakuacha kukunja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba husomi. Tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa unashika gazeti kama ninavyolishika mimi nikiwa hospitali kwenye foleni. Mtu anayesoma macho yake hayatulii hivyo."

Koma akamuuliza kwa nini alinyamaza. Mkewe akaweka chini shuka alilokuwa nalo. Akamkumbusha mwaka wao wa kwanza wa ndoa, siku aliyomwomba amfundishe. Koma alimwekea gazeti la kiwandani, mkewe akajaribu kutamka neno moja, akalivunja vibaya, na Koma akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka tu, na kesho yake akawasimulia wenzake kazini, na mke wa mmoja wao akaja kumtania mke wa Koma kisimani.

"Hukuniuliza kama bado nataka kusoma, miaka thelathini na nne," mkewe akasema. "Na mimi nikaona nisikuulize." Kisha akasema jambo ambalo Koma alishindwa kunisimulia bila kusimama mara mbili: "Ila sikujua kuna mtoto wa watu kwenye hiyo meza. Ningejua, ningesema. Sasa tumemkosesha bibi yake, sisi sote wawili."

Wiki iliyofuata mkewe alikuja darasani. Hakumwomba ruhusa wala hakumsubiri. Fundi viatu ndiye aliyekuwa anafundisha sasa, akigwaya kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mama wa mashuka akakaa mstari wa pili. Siku ile ile akaingia Bibi Ndoo, akakaa mstari wa kwanza, mgongo wake kwa wote. Fundi viatu alipouliza kila mmoja anataka kujifunza nini, wengine walisema jina lao, wengine kusoma ujumbe wa simu. Bibi Ndoo alisema, "Tarehe."

Koma naye alikuja, baada ya mwezi. Mhudumu wa mazoezi hospitalini alikuwa amemwambia afuatishe herufi kwa kidole, huenda mkono ukafundisha jicho. Alikaa nyuma kabisa, akichora juu ya kila herufi kwa ncha ya kidole hadi mkono umwambie ni ipi. Neno moja lilimchukua dakika nzima. Akifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshamponyoka. Hajapita hapo, na daktari anasema hatapita.

Bibi Ndoo alijifunza kwa mwaka na nusu. Alipoweza kusoma barua ya mahakama kuanzia mhuri hadi sahihi bila kusaidiwa, alimshukuru fundi viatu, akamshukuru mkunga, akaacha kuja. Wakati wote huo hakumsalimu Koma hata mara moja, na Koma hakujaribu kumlazimisha.

Mama wa mashuka anasoma vizuri sasa, taratibu lakini bila kukwama. Mwanzoni alijaribu kumsomea mumewe magazeti. Koma alimrekebisha mara tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa mazoea tu, na mkewe akalikunja gazeti. Tangu hapo anasoma jikoni kwa kunong'ona. Koma aliniambia anakaa chumba cha pili akiusikia mnong'ono ule, asiyashike maneno, na haombi aongezewe sauti.

Kazi iliyobaki mikononi mwao ni mkoba wa wagonjwa. Koma anaubeba, mkewe anasoma majina na namba za nyumba. Kwa miezi mingi Koma alikuwa akifika mtaa wa Bibi Ndoo anazunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, na mkewe anamfuata. Wiki iliyopita nilikuwa nao, kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa. Koma akaanza kukata kona. Mkewe akamshika kiwiko.

"Leo tunapita huku," akasema.

Bibi Ndoo alikuwa nje, anasuuza mabeseni. Alituona kutoka mbali na hakuingia ndani. Tulipomfikia alikausha mikono kwenye kanga.

"Hujambo, mama?" akamwambia mama wa mashuka.

"Sijambo, dada. Habari za hapa?"

"Ndiyo hivyo."

Akanisalimu na mimi. Koma alikuwa ameinamisha kichwa, mkoba umemvuta bega upande mmoja. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye mabeseni yake. Sisi tukaendelea hadi nyumba ya nne, ambako mgonjwa alikuwa anangoja.