Vidonge vya Ramazani

Siku ya mwisho ya amani kijijini kwetu, ng'ambo ya ziwa, mume wangu Ramazani alishinda akishona wavu na kunitania kwamba ugali wangu ungefaa kuzibia mtumbwi. Nilimnunia mpaka jioni. Natamani ningecheka.

Kesho yake risasi zililia mlimani. Tulikimbia na mama yake, tukajificha kwenye matete, miguu matopeni.

Wenye bunduki walipita karibu. Hatukukohoa.

Mtumbwi ulitushusha Ujiji. Ramazani na mama yake walikuwa wamepasuka katikati ya vidole vya miguu, na mguu wa Ramazani ulikuwa umevimba. Watu walisema amekanyaga uchawi. Nilimpeleka zahanati ya Rusimbi.

"Gusa hapa, mama," muuguzi aliniambia. "Kwa ngozi yetu wekundu haujitokezi. Angalia joto, uvimbe, ngozi kung'aa. Vijidudu vimeingilia kwenye hii mipasuko."

Alichora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipokoma. Ukivuka, au homa ikipanda, turudi mara moja. Asichanje mguu, auinue, akaushe vidole, na vidonge alivyompa avimalize hata akipata nafuu.

Mama mkwe, ambaye mguu wake nao ulianza kuvimba, alikataa kwenda. Aliogopa kukatwa mguu.

"Nimekimbia nao vita," alisema. "Nitazikwa nao."

Uvimbe wa Ramazani ulipungua, nikashukuru Mungu. Kisha asubuhi moja nikakuta umevuka mstari.

Mguu ulikuwa wa moto hadi gotini. Alitetemeka.

Nilimuuliza vidonge viko wapi.

"Tumegawana na mama. Nimemwambia ni vyake, zahanati wamempa."

Siku zile tuligawana kila kitu, uji, blanketi, hata sabuni. Hakuona kwamba dawa ni kitu kingine.

Hospitali walimtundikia dripu. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu.

Alikufa adhuhuri.

Sikulia. Nilisikiliza dua kana kwamba msiba ni wa jirani. Baadaye nilimkasirikia yeye kuliko wenye bunduki, na hasira hiyo haijaisha yote.

Mama mkwe alipona. Uvimbe wake ulikuwa ndio umeanza tu. Tunaishi wote Ujiji. Wageni wakishuka kutoka ng'ambo mimi huwatazama miguu, nikawaambia kila mtu anywe dozi yake mwenyewe, aimalize.

Mama mkwe, asiyejua vidonge vilikuwa vya nani, huniambia, "Vita vilinilia mwanangu."

"Ndiyo, mama," humjibu. "Ni vita."