Dole Gumba la Mzee Tarmo

Kwa siku nne sikulala kwa sababu ya tarehe moja. Niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu, Jumanne, na shahidi aliyeweka dole gumba chini yake alikuwa amefariki Jumapili. Sasa niambie, wewe ungeiacha hivyo? Ungeibadilisha? Na kabla hujanicheka, jua kwamba sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa kitu, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilichokiona nilikiona.

Nina shahada ya historia. Kwa mwaka mzima baada ya kuhitimu ilikuwa imelala kwenye bahasha, hadi nikapata nafasi ya kujitolea katika makao ya wazee waliokuwa askari, huku juu Mbulumbulu. Kazi yangu ilikuwa kuandika historia ya makao yale. Yalianza kama vyumba viwili vya udongo, kanisa lilivijenga kwa ajili ya wanaume waliorudi kutoka Burma baada ya Vita Kuu ya Pili, wakakuta wake zao wameolewa kwingine na mashamba yao yana watu. Miaka mingi baadaye wakaja wa vita vya Kagera. Kitabu cha kwanza cha kuwapokea bado kipo. Humo hakuna fomu. Kuna jina la mzee, kuna neno "namjua", kuna jina la mwenzake aliyelitamka. Basi. Mtu alipewa kitanda kwa neno la mwenzake, na nimepekua kitabu chote sijaona mahali palipoandikwa kwamba fulani alidanganya.

Kisha ikaja bodi mpya na fomu zake. Kila mzee alete cheti cha jeshi. Asiye nacho alete mashahidi wawili waliotumika naye. Asiye na hiki wala kile aondoke mwisho wa mwezi.

Babu Margwe alikuwa mmoja wa wale wa Kagera, na cheti chake kiliungua pamoja na nyumba yake. Mke hana, mtoto hana. Angeondoka kwenda wapi? Nilimpata shahidi wa kwanza Karatu mjini, na fomu yake ikarudishwa mara tatu. Mara muhuri umekaa upande, mara wino ni wa bluu wakati wao wanataka mweusi, mara sahihi imegusa mstari. Niamini, nilikuwa nalilia chooni. Zikabaki siku sita na mtu mmoja tu, Mzee Tarmo wa Buger, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona kwa muda mrefu.

Jumanne nikapanda bodaboda kwenda Buger. Kijana alinishusha utelezi ulipoanza. "Dada, mimi hapo siendi. Hilo tope litanimeza na pikipiki." Nikaendelea kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, nasikia kengele za ng'ombe lakini ng'ombe siwaoni. Nikawa nawaza: kama hayupo? Kama yupo lakini amesahau? Kama nimekosea njia? Ndipo nikamkuta mzee amekaa juu ya jiwe kando ya njia, amevaa koti zito la kijeshi, vifungo vyote vimefungwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye umetumwa na Margwe?"

Hapo nilipaswa kushtuka. Alijuaje? Lakini nilifurahi tu, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mwezi ule jambo lilikuwa rahisi. Nikamuuliza kama yeye ndiye Mzee Tarmo.

"Kwani unamwona mwingine hapa?"

Nikaweka fomu juu ya goti nikamsomea swali: mwombaji unamfahamu vipi?

"Andika kwamba alinibeba. Nilikuwa na homa, miguu imeoza ndani ya buti. Alinibeba mgongoni toka asubuhi mpaka jua likazama, na njia nzima ananitukana kwa Kiiraqw ili afande asielewe."

"Na matusi niyaandike?"

"Hapana, mjukuu. Yale ni yangu mwenyewe."

Nikafungua pedi ya wino. Dole gumba lake lilikuwa baridi, lakini kule asubuhi nani ana mkono wa moto? Lilikuwa na kovu lililokatiza katikati. "Mbona unatetemeka, msomi?" akasema. "Mzee ni mimi." Nikataka kumsindikiza nyumbani, akakataa. "Tangulia. Leo kwangu kuna watu wengi, na mimi watu wamenichosha."

Nilipiga hatua kama ishirini, nikakumbuka sijachukua namba ya kitambulisho chake. Wangeirudisha tu! Nikageuka. Jiwe lipo, mzee hayupo.

Nikajiambia amepita njia ya mkato. Nikafuata sauti za watu wanaoimba hadi nikatokea kwenye boma lenye turubai na umati. Mezani palikuwa na picha imeegemezwa kwenye Biblia. Sikio lile lile.

Nilikuwa nimesimama hapo, fomu mkono huu, pedi ya wino mkono huu, mwanamume mmoja aliponiona. "Ni huyu!" akapiga kelele. "Ni wewe uliyemsainisha baba shamba!"

Sikuelewa kitu. Kumbe Jumatatu walipomwosha marehemu walikuta dole gumba lina wino, na sabuni haikuutoa. Alikuwa amelala kitandani wiki tatu na hakuna mgeni aliyeingia na karatasi. Basi tangu Jumatatu ukoo mzima ulikuwa unatazamana vibaya: nani kamshika mzee mkono akauza shamba? Jumatatu, nakuambia. Siku moja kabla sijakutana naye.

Yule mwanamume, ambaye ndiye mwanawe mkubwa, akaninyang'anya fomu akaanza kuisoma kwa sauti ili wote wasikie wizi wangu. Akasoma jina la Margwe. Akasoma homa na buti. Alipofika penye kubebwa, akaisogeza fomu karibu na macho. Akaitazama alama ya dole gumba. "Hili kovu ni la mundu," akasema polepole. "Nilikuwepo alipojikata."

Mjane akanyoosha mkono. "Mrudishie mtoto wa watu karatasi yake. Wiki tatu baba yenu anauliza, Margwe amepata mtu? Margwe amepata mtu? Na sisi tunasema ni homa."

Alizikwa mchana. Nami niliweka udongo.

Mkuu wa makao, Mama Paskalina, alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa tabu yako nini? Andika Jumamosi, tupeleke." Na hapo ndipo usingizi ulipoisha. Nikiibadilisha, nitakuwa mtu wa kwanza kuingiza uongo kwenye makao yale. Nikiiacha, fomu itatupwa na babu atatolewa nje. Nikabadilisha kichwani mara mia, nikarudisha mara mia. Usiku wa nne kulipokucha nikamwendea Babu Margwe mwenyewe, nikamweleza yote.

Akacheka mpaka akakohoa. "Tarmo! Hata paredini alikuwa anafika wa mwisho." Akafuta macho kwa blanketi. "Alikuambia nilimtukana?"

"Aliniambia."

"Basi ni yeye."

Siku hiyo hiyo nikarudi Buger. Chini ya tarehe ile ile nikaandika, kwa wino mweusi: Shahidi alifariki Jumapili, ametoa ushahidi Jumanne. Mjane na mwanawe wakaweka sahihi. Siku ya mwisho nikaipeleka kwa karani wa bodi.

Akasoma. Akarudia. "Dada, hii haiwezekani."

"Najua. Gonga muhuri kwamba umeipokea."

Akakataa. Nikakaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake toka asubuhi mpaka anafunga ofisi, mimi ambaye huogopa hata kumwambia kondakta anirudishie chenji. Akagonga.

Bodi haijajibu hadi leo. Nadhani hakuna anayetaka kuweka jina lake chini ya jibu. Na kwa kanuni zao wenyewe, mzee mwenye ombi lisilojibiwa haondolewi. Babu Margwe anaendelea kulala kwenye kitanda chake, na mimi tangu siku ile, ukungu ukishuka, simsalimii mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna mzee anayejua jambo juu ya mzee mwenzake, nenda kamsikilize leo, ungali unamkuta kwake. Usisubiri mpaka yeye ndiye aje akungoje njiani.