Diski Iliyoficha Maradhi

Mama mdogo alikuwa na kanda moja tu ya video ya harusi yake, iliyofanyika Tongoni, na ndani yake ndimo zilimo picha pekee za marehemu mama yangu akitembea na kuongea. Nilitaka kuihamishia kwenye kompyuta kabla haijaharibika. Kila ikizungushwa, utepe ulipukutika unga wa kahawia. Haikuwa kanda ya kuchezwa mara nyingi.

Kompyuta yangu ina diski nne ambazo Linux, programu inayoiendesha, inazifunga pamoja zifanye kazi kama moja. Siku zote zilikuwa hodari. Lakini asubuhi niliyoanza kuihamisha kanda, nyumbani kwa mama mdogo, mtaa wa Mabawa, Tanga, picha zikaanza kukatika: kanda inaleta, diski haziwahi kuandika, vipande vinapotea. Nikaisimamisha kanda. Nikaiuliza Linux hali ya diski. Ikajibu zote nne nzima. Nikabadilisha waya, wapi! Nikaitukana kompyuta tusi ambalo hapa silirudii.

"Mbona mnaandika polepole hivyo!" nikafoka.

"Wamwambia nani?" mama mdogo akadakia kutoka jikoni. "Chakula nshaandika zamani, weye ndo huji!"

Kwetu kuandika ni pia kupanga chakula mkekani, na mwanamke wa Tanga humwambii kwamba ni mzito wa kuandika. Nikala wali wangu kwa adabu, nikimweleza kwamba niliyekuwa nikimgombeza si yeye, ni diski nne. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Haya, na katika hao wanne, mvivu nani?"

Alikuwa akinitania tu, lakini mimi sikuwa nimejiuliza hivyo. Nilikuwa nazilaumu zote kwa jumla. Nikanawa mikono, nikaziandikisha faili la majaribio huku nikipima kila moja peke yake. Tatu zilikaa bure, zinasubiri. Moja ilikuwa ikihangaika bila kupumzika, na zile nyingine hazikuweza kuendelea bila yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nikaitoa kundini, maana zimepangwa hivi kwamba moja ikikosekana, zilizobaki zinaendelea. Nikapima tena, mwendo ukawa umerudi. Nikairudisha kanda mwanzo, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Safari hii haikukatika hata mara moja. Nawashukuru watu nisiowajua waliotunga programu ile wakaigawa bure, na namshukuru mama mdogo na ulimi wake. Nashukuru zaidi kwamba hasira zangu ziliishia kwenye matusi, nisiichezeshe kanda ile tena na tena mpaka ikaisha.

Mama akatokea kwenye kioo cha kompyuta, msichana bado, kajifunga kanga mpya, anamfukuza mpiga picha ampishe njia. Mama mdogo, ambaye sasa kichwa kizima ni mvi, akasogea karibu, akautengeneza mtandio wake.

"Shikamoo, dada," akasema.