Wimbi Ndani ya Karai

Majivu ya jiko yakilowa hutoa harufu chungu inayokwama kooni, na muhula wote wa pili nilipokuwa darasa la saba, ploti yetu ya Kawangware ilinuka hivyo. Mimi nilikuwa mtoto wa mwenye ploti. Nafula, niliyesoma naye darasa moja, alikuwa binti wa mpangaji wa chumba cha mwisho, karibu na choo. Mwalimu wa jiografia alitupa sisi wawili kazi ya kuonyesha jinsi ubavu wa volkano unavyoporomokea baharini na kuzua lile wimbi ambalo siku hizi kila mtu analiita tsunami. Shule ikishinda kwenye maonyesho kule shule ya Olympic, Kibera, ingepata nafasi moja katika safari ya Mombasa, na nafasi hiyo ingekuwa ya mwenye wazo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari.

Wiki nzima nilirundika majivu na udongo kwenye karai la mama yake Nafula, aliyefulia watu nguo, kisha nikamwagia maji. Mlima wangu uliyeyuka polepole, maji yakachafuka tu. Watoto wa ploti walijaa kunicheka. "Niaje, profesa! Hiyo ni volkano ama ni ugali imekataa?" Nafula alikuwa amechuchumaa, akitazama. "Shida yako ni pole pole," akaniambia. "Hiyo kitu lazima ianguke yote mara moja. Maji ikisukumwa haraka inakosa pa kwenda, inapanda." Mwalimu alikuwa amesema kwamba mvuke wa volkano huozesha mawe ndani kwa ndani hadi yawe laini na ya kuteleza, na ni Nafula peke yake aliyekuwa akisikiliza. Alitandika nailoni iliyolowa, akajenga mlima juu yake, akaivuta. Ubavu wote ukatumbukia, maji yakaruka ukingo wa pili na kuzisomba nyumba zetu za viberiti. Watoto wakamshangilia yeye.

Hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi ya maonyesho, tukiwa njiani, nilimwambia kwamba baba angeweza kuwafukuza siku yoyote nikimwomba. Baba hakujua lolote. Alikuwa mtu mpole, na nililiazima jina lake kwa ukatili ambao hakuwa nao. Wimbi letu liliwalowesha waamuzi viatu, tukashinda, na mwalimu akauliza wazo lilikuwa la nani.

"Langu, mwalimu. Nafula alileta karai."

Mwalimu akamgeukia. Nafula alinitazama kidogo, kisha akainama. "Ni ukweli, mwalimu. Mimi nilileta karai."

Nikaenda Mombasa. Nilitapika kutoka Mtito hadi Voi, nikalalamikia jua, chumvi na mchanga. Niliporudi alikuwa akinisubiri bombani.

"Bahari iko aje?"

"Ni maji tu," nikamwambia. "Hata hungeipenda."

Mwisho wa mwaka walihama. Hakuna aliyewafukuza. Leo ploti ile ni ghorofa tano, nami ni mtu wa digrii mbili anayealikwa kuzungumza na wanafunzi, na volkano yangu ya karai huwafurahisha kuliko maandishi yangu yote. Mwezi uliopita msichana mmoja aliniuliza ni nani aliyenifumbua macho kwamba kasi ndiyo inayozaa wimbi. Umri umenipunguzia majivuno, kwa hiyo sikudai tena kwamba ni mimi. Nilimtaja mwalimu wangu wa jiografia, na ukumbi mzima ukampigia makofi.