Honi Kabla ya Breki

Nilipokuwa kidato cha tatu Musoma, mwalimu wa fizikia alitangaza kwamba atakayefeli jaribio la mwendo atahamia masomo ya sanaa wiki hiyohiyo. Wenzangu waliguna tu. Mimi nilitoka jasho, kwa sababu mama yangu, muuza samaki wa Mugango, alikuwa ameshasimama kanisani kutoa shukrani kwa ajili ya binti yake anayesoma sayansi. Mama akishatangaza jambo mbele ya kwaya, halina kurudi nyuma.

Swali la mwisho lilihusu gari linalokwenda mita ishirini kwa sekunde. Dereva anamwona ng'ombe barabarani, mita arobaini na tano mbele. Akishika breki, mwendo unapungua mita tano kwa sekunde, kila sekunde. Je, atamgonga?

Nilikokotoa nikapata kwamba gari litasimama baada ya mita arobaini. Ng'ombe amepona, zimebaki mita tano. Ningefunga karatasi hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini likizo zote nilichunga ng'ombe wa babu kule Butiama, kando ya barabara, na madereva nawajua. Nikalikata jibu lile kwa mstari mnene mfano wake hujapata kuuona, nikaandika: "Atamgonga, kwa sababu atapiga honi kwanza."

Nilipata sifuri kwenye swali lile, nikafeli kwa maksi mbili.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu na karatasi yangu. Hasira ilinipa miguu, vinginevyo nisingefika. Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, anayekunywa chai polepole kama hana kipindi.

"Binti, hiyo honi umeiona wapi kwenye swali?"

"Mwalimu, dereva gani wa huku anashikaga breki bila kupiga honi? Anapigaga kwanza, aone kama ng'ombe atatoka. Asipotoka ndiyo anakumbuka breki."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanirudisha darasani, akanipa chaki mbele ya wote. "Thibitisha. Ukiweza, maksi mbili zako. Ukishindwa, sanaa inakusubiri."

Niliandika fomula, nikaweka namba, na jibu likatoka hasi arobaini. Darasa lilipasuka kwa kicheko.

"Gari limerudi Bunda hilo!" mmoja akapiga kelele. "Linarudi kinyumenyume!"

Nilisahau kuweka hasi kwenye breki. Lilikuwa kosa langu la siku zote: nilikuwa naandika gari linasimama huku nikilikanyagia mafuta. Niliomba ardhi inimeze, haikunimeza. Nikafuta, nikaanza upya. Nikasema honi ni sekunde moja tu, na katika sekunde hiyo mwendo haujapungua hata kidogo, kwa hiyo gari linakula mita ishirini za bure. Zimebaki ishirini na tano. Breki zinataka arobaini. Anapomfikia ng'ombe bado anakwenda mita kumi na mbili na kitu kwa sekunde.

Nusu ya wenzangu walitoka nyumba zenye zizi, na niliona kabisa wanamhurumia yule ng'ombe. Mwenzangu wa Bugwema akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa wa nani?"

Mwalimu aliipitia kazi yangu mstari kwa mstari. "Kwenye swali langu umekosa," akasema. "Barabarani umepata." Akaandika mbili kwa wino mwekundu. Jumapili ile niliimba kanisani kuliko kwaya yenyewe, na mama alidhani nimeokoka upya.

Sasa nafundisha fizikia Bunda, na swali lile nalitoa kila mwaka. Nilijifunza kujikinga, nikaongeza sentensi moja: "Dereva anashika breki papo hapo, bila kupiga honi." Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu alilitazama karatasini, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hili swali halinaga ukweli. Huyo dereva siyo wa huku."

Nikamwita mbele, nikampa chaki.