Video ya Kipaimara

Hadi leo nikiona kamera inawaka, nafunga mdomo.

Chuo cha filamu pale Moshono kilitaka kila mwombaji alete video yake. Nikapeleka ya kipaimara cha binamu yangu, niliyoirekodi kanisani. Baba, mkulima wa kahawa, akanisindikiza akione chuo kabla hajakubali nisome.

Mwalimu akaiwasha video. Kanisa halikuonekana, ni viatu vyangu tu! Kumbe nilipodhani narekodi nilikuwa nimezima, na nilipodhani nimezima, kamera ilirekodi.

Sauti yangu ikasikika nikimwambia rafiki yangu, "Nikipata chuo tu, kahawa yake mzee apalilie mwenyewe."

Na nilijua kinachofuata ni kibaya zaidi. Nikaruka kuizima, baba akanishika mkono.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hebu ongeza sauti."