Shangazi, Manjano na Mwalimu Mpya

Mtaa mzima ulimwita fundi cherehani yule Bi Jaribu, kwa kuwa pasi yake haikugusa nguo ya mtu kabla ya kupita kwanza kwenye kipande kilichobaki. "Jaribu kwanza, mwanangu, kitambaa hakina mdomo wa kusema kinaungua." Wateja walikuwa wameukariri wimbo huo. Ila mapenzi, jamani, humpumbaza hata fundi.

Binti wa kaka yake alikuwa aanze kazi ya ualimu kesho yake, darasa la watoto wadogo, na kidevu kimejaa chunusi. Alikwisha kujipaka limau, likamchoma. Akapaka dawa ya meno, ngozi ikabanduka. Siku hizi alizungumza mkono mdomoni, na alasiri hiyo alikuja kumwambia shangazi yake kwamba haendi.

"Watanicheka, shangazi. Watoto hawana simile."

"Akucheke nani? Hebu keti hapa."

Bi Jaribu akachanganya asali, mtindi na manjano ya unga. Kijiko kimoja kingetosha. Yeye akatia vitatu, vya kujaa. Akampaka uso mzima, akarudi kumalizia sare za shule hiyohiyo aliyopangiwa binti, kazi ikamnogea. Habari ya kujaribu kwanza haikumjia hata kidogo. Alipokuja kumnawisha, maji yalikwenda, sabuni ikaenda, rangi ikabaki. Uso ulikuwa wa njano kama ndizi mbivu, na chunusi zote zimo, hakuna hata moja iliyohama.

Binti alijitazama kwenye kioo akaangua kilio. Bi Jaribu aliona aibu ya kweli. Akakomba kilichobaki bakulini, akajipaka mwenyewe mpaka masikioni.

"Basi tuchekwe wawili. Kesho napeleka sare, tunaongozana."

Asubuhi alisimama nje ya dirisha la darasa na furushi lake. Mwalimu mpya aliingia kiganja kikiwa usoni. Watoto wakamkodolea macho. Kisha mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, mbona uso wako una rangi?"

Bi Jaribu alitamani ardhi immeze. Huyu sasa atatoka mbio, na kazi ndiyo imekwenda hivyo. Lakini binti alivuta pumzi, akashusha mkono.

"Rangi gani?"

"Njanoooo!"

"Vizuri sana. Nani atanionyesha kitu kingine cha njano?"

Watoto wakatazama ubao, wakatazama madawati, wakatazama dirisha. Vidole vyote vikanyooka.

"Yuleee!"

Mwalimu akageuka. Akacheka mpaka akaegemea ubao, mikono yote miwili imeshika mbavu. Bi Jaribu naye alicheka, huku machozi yakimtiririka kwenye mashavu ya njano. Miezi mingi ilikuwa imepita hajayaona meno ya binti yule.